Kupima Damu Kitandani kwa Majeruhi Mahututi: Mwongozo Kamili kwa Vituo vya Afya vya Uganda

Kosa moja linarudi kila wiki. Majeruhi anashushwa kwenye bodaboda au nyuma ya pikapu, anatobolewa kidole, mashine inasoma hemoglobini (rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni) 13 g/dL, na mhudumu anashusha pumzi: "Damu ipo." Saa mbili baadaye mtu yuleyule anahema kwa pupa, presha haishikiki, na wa kumpasua yuko mji mwingine. Mashine ilisoma sawasawa. Sisi tuliiuliza swali lisilo lake.

Ninafanya kazi katika kituo cha afya cha ngazi ya nne huku mashariki, karibu na barabara ya malori yanayoingia kutoka Malaba, mpakani na Kenya. Nimeandika kwa ajili ya wauguzi, maofisa wa kliniki na watu wa maabara wanaobaki zamu ya usiku na mashine mbili tatu mezani. Fuata hatua kwa mpangilio. Pale utaratibu wa kituo chako unapotofautiana na huu, fuata wa kituo.

## Vifaa vya kuweka tayari kabla majeruhi hajafika

Viweke kwenye trei moja iliyofunikwa, isiyoguswa kwa kazi nyingine:

- Kanula nene (kijani au kijivu), mabomba ya sindano ya ml 10, mpira wa kufunga mkono, glovu, sanduku la sindano
- Mashine ya sukari na stripu zake
- Mashine ya lakteti ya mkononi na stripu zake
- Mashine ya hemoglobini na vikuveti vyake (vibamba vidogo vya kuwekea damu)
- Tyubu za kioo, kavu, mpya, zisizo na dawa yoyote ndani
- Tyubu za zambarau (zenye EDTA, dawa inayozuia damu kuganda) na nyekundu
- Anti-A, anti-B, anti-D (dawa za kutambua kundi la damu) na kigae cheupe
- Vipimo vya haraka vya malaria na vya mimba
- Saa yenye mshale wa sekunde, plasta nyeupe, kalamu ya wino usiofutika

Kituo kikipata fedha ya mashine moja tu, mimi nachagua ya lakteti, kwa kuwa hizo nyingine mbili kwetu zilikuwepo tayari. Sababu utaiona kwenye hatua ya 4.

Onyo kuhusu joto. Chumba cha mabati mchana kinaharibu stripu bila kuacha alama. Soma kwenye kopo joto linaloruhusiwa, lifunge mara tu unapotoa stripu, na andika juu yake tarehe uliyolifungua. Kila asubuhi pima maji ya majaribio yaliyokuja na mashine. Yakisoma nje ya kiwango kilichoandikwa kwenye kopo, hilo kopo halipimi mtu.

## Hatua ya 1: Mikono kwenye jeraha kwanza

Hakuna kipimo kinachotangulia kuzuia damu. Mmoja akandamize jeraha, mwingine aangalie njia ya hewa na oksijeni. Nyonga ikilegea, ifunge kwa shuka pale mifupa ya paja inapochomoza pembeni, siyo kiunoni. Mfunike blanketi, hata kama usiku una joto, kwa sababu damu iliyopoa haigandi vizuri.

Wakati huohuo fanya hesabu isiyohitaji hata tone la damu: gawanya mapigo ya moyo kwa namba ya juu ya presha. Mapigo 118, presha 92: unapata 1.28. Mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 0.5 na 0.7. Ikizidi 0.9, shtuka. Ikifika 1, mchukulie kuwa anavuja mahali fulani mpaka umethibitisha vingine.

Hesabu hii ni ya watu wazima, usiitumie kwa mtoto. Na mzee anayemeza dawa za presha zinazopunguza mapigo anaweza kukupa namba nzuri huku anakwisha.

## Hatua ya 2: Toa damu mara moja, kabla ya dripu

Damu itoke wakati unaweka kanula ya kwanza, dripu haijaunganishwa. Vuta ml 10. Hapa ndipo majibu mengi yanapoharibikia, kabla mashine haijawashwa.

Usitegemee kidole. Mtu aliyepoteza damu mwili wake umefunga mishipa ya mikononi ili moyo na ubongo vipate. Vidole ni baridi, utakamua, na ukikamua unachanganya damu na majimaji ya nyama. Tumia damu ya mshipa.

Usitoe damu kwenye mkono wenye dripu. Nimewahi kuona sukari ya 28 mmol/L kwa kijana ambaye dextrose (dripu ya sukari) ilikuwa ikiingia sentimita chache juu ya pale palipotolewa damu. Dripu ya Ringer's lactate nayo ina lakteti ndani yake, jina lenyewe linasema.

Mpira wa mkono usikae muda mrefu, na usimwambie akunje na kukunjua ngumi. Misuli iliyobanwa hutoa lakteti.

Gawa damu kwa mpangilio huu:

1. Tone moja kwenye stripu ya lakteti, tone moja kwenye stripu ya sukari, papo hapo.
2. Ml 2 kwenye tyubu ya kioo kavu. Anza kuhesabu dakika kwa ajili ya hatua ya 6.
3. Tyubu ya zambarau, igeuzegeuze taratibu mara nane hadi kumi. Usitikise.
4. Inayobaki kwenye nyekundu, kwa kundi la damu na kulinganisha.

Andika jina kwenye tyubu ukiwa umesimama kitandani. Asiyejulikana mpe namba: "Mwanaume asiyejulikana 2", saa, tarehe, na plasta yenye maneno hayohayo kwenye kifundo cha mkono wake. Ajali za matatu huleta watu sita kwa pamoja, na tyubu mbili zisizo na jina kwenye trei moja ni hatari kuliko kutopima kabisa.

Ukijichoma sindano, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, toa taarifa, anza dawa za kinga ya VVU mapema uwezavyo. Baada ya saa 72 hazianzishwi tena. Usione haya, na usingoje zamu iishe.

## Hatua ya 3: Sukari, sekunde chache

Mlevi, aliyegongwa kichwa na aliyeishiwa sukari wanafanana wakilala kitandani. Usimwite mtu mlevi kabla hujaona namba.

Chini ya 3.9 mmol/L kwa mtu mzima, mpe ml 250 za dextrose ya asilimia 10 kwenye mshipa, kisha rudia kipimo baada ya dakika 15. Watoto wana kiwango chao kwenye mwongozo wa watoto: ml 5 za asilimia 10 kwa kila kilo. Ikiwa umelazimika kutumia kidole, kioshe na kukausha kwanza. Utomvu wa fenesi au sukari ya miwa kwenye ngozi hupandisha jibu.

Sukari iliyo juu kidogo kwa mtu aliyeumia vibaya ni kawaida. Usikimbilie insulini.

Umefanikiwa ikiwa: namba imeandikwa kabla hujaanza kubishana kama amelewa.

## Hatua ya 4: Lakteti, deni la mwili

Chembe za mwili zikikosa oksijeni ya kutosha huchoma sukari kwa njia ya mkato, na lakteti ndiyo mabaki. Ndiyo maana hupanda mapema, presha ingali nzuri. Kijana mwenye nguvu anaweza kushikilia presha ya 110 kwa kubana mishipa yake yote huku matumbo na figo vinakosa damu. Presha inakuonyesha uso wake. Lakteti inakuonyesha deni.

Damu isikae kwenye bomba. Chembe nyekundu zinaendelea kutoa lakteti hata zikiwa nje ya mwili, kwa hiyo damu iliyongoja nusu saa mezani, hasa kwenye joto, inasoma juu kuliko ukweli. Futa jasho pia kabla ya kutoboa, kwa sababu jasho lina lakteti.

Kusoma jibu kwa mmol/L:

- Chini ya 2: kawaida. Ikiwa dalili bado zinakutisha, amini dalili, kisha rudia.
- Kati ya 2 na 4: kuna jambo. Tafuta damu ilipofichwa: kifua, tumbo, nyonga, paja, na sakafuni alipookotwa. Uliza waliomleta.
- Zaidi ya 4: huyu ni mahututi, hata kama anaongea na kuomba simu yake. Mwite daktari wa upasuaji, ulizia damu, anza kupanga rufaa sasa.

Lakteti hupandishwa na mambo mengine: degedege, kukimbia au kupigana muda mfupi uliopita, pombe nyingi, ini bovu, adrenalini, malaria kali. Mwizi aliyefukuzwa na umati kilomita nzima kisha akapigwa atakuja na lakteti ya juu kwa sababu mbili, na huwezi kuzitenganisha kwa kipimo kimoja. Mpe saa moja, upime tena. Ya mbio hushuka yenyewe akipumzika. Ya kuvuja haishuki.

Umefanikiwa ikiwa: una namba ya kwanza yenye saa, na umeshapanga saa ya namba ya pili. Ikishuka angalau kwa sehemu ya tano ndani ya saa mbili, unakwenda vizuri.

## Hatua ya 5: Hemoglobini, na kwa nini inatudanganyisha

Mtu wa kilo 60 ana lita 4 na kidogo za damu. Akimwaga lita moja na nusu kwa haraka, kilichotoka ni damu nzima, chembe pamoja na maji yake. Kilichobaki ni kidogo, ila uzito wake ni uleule. Ukimwaga nusu ya sufuria ya chai, iliyobaki haijawa nyepesi. Mashine ya hemoglobini inapima wepesi wa chai, haijui sufuria ina kiasi gani.

Hemoglobini hushuka pale mwili unapovuta maji ndani ya mishipa kuziba pengo, au pale wewe unapoweka dripu. Yote mawili huchukua muda.

Taniboi mmoja alibanwa na ubavu wa trela iliyokuwa ikirudi nyuma. Alikuja akitembea, mkono umeshika ubavu wa kushoto. Hemoglobini 13.4. Tukamweka benchini. Akaniita, "Musawo (daktari), nasikia kiu." Nikamletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Akanywa yote, akaomba tena. Mara ya tatu alipoomba ndipo nilipomshika mkono, ukawa baridi na umelowa jasho. Hemoglobini ya pili ilisoma 8.9. Wengu ulikuwa umepasuka, na kwetu, ambako malaria huukuza wengu, hauhitaji kishindo kikubwa. Aliokoka kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwa na mafuta siku hiyo. Kiu ile ilikuwa dalili, nami nikaihudumia kama mgeni aliyeomba maji.

Namna ya kupima:

1. Changanya tyubu ya zambarau tena. Damu iliyotulia imejitenga.
2. Dondosha tone juu ya plastiki safi, gusisha ncha ya kikuveti, ijae kwa mkupuo mmoja. Usiongeze juu.
3. Futa nje, angalia mapovu. Povu katikati, tupa, chukua kingine.
4. Ingiza kwenye mashine mara moja.

Ikisoma chini mapema, iamini, lakini uliza sababu. Katika nchi yenye malaria na selimundu, hasa kaskazini na mashariki, mtoto anaweza kuwa alikuwa na 8 kabla ya ajali. Mzazi akisema ni mgonjwa wa selimundu, andika kwa herufi kubwa. Vyovyote iwavyo, huyo ana akiba ndogo, na kila tone kwake ni ghali zaidi.

Ikisoma kawaida, andika na usifurahi. Ni namba ya kuanzia tu. Rudia baada ya dakika 30 hadi 60 kwa anayeshukiwa kuvuja. Na usingoje ishuke chini ya 7 ndipo uombe damu. Kiwango hicho ni cha mgonjwa aliyetulia wodini. Hakimhusu anayevuja mbele yako.

## Hatua ya 6: Je, damu inaganda?

Hiki hakihitaji umeme wala stripu, na ndicho tunachokisahau zaidi. Ile tyubu ya kioo yenye ml 2 ishike ndani ya ngumi iliyofungwa ipate joto la mwili. Usiitikise.

Dakika ya nne, iinamishe polepole. Kama bado maji, rudia kila dakika moja. Ikiganda kiasi cha kupinduliwa juu chini bila kumwagika, vizuri. Ikifika dakika ya saba bila kuganda, au donge ni laini na linavunjika, damu ya huyu imepoteza uwezo wa kuganda.

Kioo ni lazima, kwa sababu kioo chenyewe huamsha kuganda. Plastiki haifai. Tyubu iliyooshwa kwa sabuni pia haifai, hata ikiwa inang'aa.

Tyubu iliyoganda haikuhakikishii usalama, kwa kuwa kipimo hiki hukosa matatizo madogo. Isiyoganda ndiyo habari. Maana yake ni hatari tatu zinazovutana: baridi, tindikali na damu isiyoganda, kila moja ikikuza mwenzake. Mpashe joto, punguza maji ya dripu, tafuta damu nzima au plazima.

Usingoje kipimo hiki ili utoe tranexamic acid, dawa ya kupunguza kuvuja damu. Mtu mzima anayevuja sana apewe gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8. Jaribio la CRASH-2 la mwaka 2010, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, lilionyesha inaokoa maisha ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia, na ndani ya saa ya kwanza zaidi. Kuianza baada ya saa 3 kunaweza kudhuru.

## Hatua ya 7: Kundi la damu

Matone matatu ya damu kwenye kigae, anti-A, anti-B na anti-D kila moja kwake, changanya kwa vijiti tofauti, inamisha huku na huku kwa dakika mbili. Chembechembe zikikusanyana kama maziwa yaliyokatika, hilo ni jibu. Usisome tone lililoanza kukauka. Mwingine asome bila kuambiwa wewe umeona nini.

Kulinganisha damu kubaki kwa maabara. Kukiwa hakuna muda kabisa, wanaume hupewa O chanya, kwa sababu O hasi ni adimu sana kwetu. Ihifadhiwe kwa wasichana na wanawake wenye umri wa kuzaa.

Piga simu benki ya damu mapema. Kwetu ni ile ya kanda ya Mbale. Nyingine za kanda ni pamoja na zile za Arua, Fort Portal, Gulu, Kitovu, Mbarara na Nakasero. Wachangiaji wengi ni wanafunzi, kwa hiyo shule zikifungwa friji huwa tupu. Likizo ikianza, ulizia akiba kabla ya kuihitaji.

## Vipimo vya haraka vilivyobaki

Mimba: kila mwanamke wa umri wa kuzaa. Mimba iliyotunga nje ya mfuko inaweza kuvuja siku hiyohiyo aliyoanguka. Malaria: kwa mwenye homa au hemoglobini isiyoeleweka. Ukiwa na mashine ya gesi za damu, angalia upungufu wa besi (unaoonyesha tindikali iliyozidi kwenye damu): 6 au zaidi ni dalili ya shoku nzito, yaani viungo vinakosa damu ya kutosha. Angalia pia kalsiamu, hasa baada ya chupa kadhaa za damu, kwa sababu dawa inayozuia damu kuganda ndani ya mfuko huinyonya.

## Hatua ya 8: Andika, rudia, soma mwelekeo

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote. Chora mistari kwenye karatasi moja, hivi (Hb ni hemoglobini):

| Saa | Mapigo | Presha | Lakteti | Hb |
|---|---|---|---|---|
| 21:10 | 118 | 92/60 | 4.6 | 12.8 |
| 22:10 | 112 | 94/60 | 5.1 | 10.9 |

Mapigo yameshuka, presha imepanda kidogo, na mtu asiyetazama lakteti angesema anapata nafuu. Deni limeongezeka. Huyu bado anavuja, anahitaji kisu, na dripu nyingine ya lita moja haitamsaidia. Itaipunguza Hb kwa maji, itampoza, na kuondoa donge lililoanza kuziba. Mpe kidogo kidogo, ml 250, namba ya juu ya presha ikae karibu na 80 hadi 90 mpaka damu izuiwe. Aliyeumia kichwa ni tofauti: presha yake isishuke chini ya 110.

Lakteti ikishuka huku Hb nayo ikishuka kidogo baada ya dripu, mikono ikawa na joto na mkojo unatoka, hapo umemkamata.

Andika saa kwa mfumo wa saa 24. Kwetu "saa tatu usiku" ni 21:00, na hospitali inayompokea inaweza kusoma 3:00. Kwa dawa yenye mwisho wa saa 3, tofauti hiyo inamnyima mgonjwa dozi au inampa dozi ya madhara.

## Hatua ya 9: Akiondoka kwa rufaa

Usimcheleweshe ili ukamilishe vipimo. Gari likiwa tayari na tyubu ya kioo bado iko ngumini, panda nayo.

Piga simu hospitali inayompokea, sema kwa mpangilio huu: ameumiaje na saa ngapi, mapigo na presha, lakteti ya kwanza na ya mwisho, Hb ya kwanza na ya mwisho, damu inaganda au haigandi, kundi, tranexamic imetolewa saa ngapi. Waambie warudie maneno yako.

Karatasi hupotea kwenye gari. Kwa hiyo nakili namba hizo kwenye plasta pana na uibandike kifuani, chini ya mfupa wa bega. Muuguzi anayesindikiza achukue mashine ya lakteti na stripu mbili, aziweke kwenye mfuko wa ndani wa koti mbali na jua la dirishani. Moja ni ya njiani akibadilika. Nyingine ni ya mlangoni, kabla ya kumkabidhi.